Habari za Bisil Kwanza

“Kata hiyo kitu, Mama Soipan! Wateja wanataka mbuzi, wewe unangoja mvua?” Jirani yake Mutinda alikuwa ameegemeza laptop ya marehemu mume wa Mama Soipan juu ya ukuta uliotenganisha ploti zao.

“Haikatwi. Mzee ndiye aliiweka.”

Kila Mama Soipan akifungua ukurasa wa kusimamia oda za mbuzi, seva, kompyuta iliyoendesha tovuti yake, ilitoka kwanza kuuliza tovuti nyingine kama mvua imenyesha Bisil, kule mbuzi walikotoka. Siku hizi jibu lilichukua dakika nzima, oda zikangoja. Lakini marehemu hakuwahi kutaja bei kabla ya kuuliza habari: mvua, nyasi, ng’ombe, watoto.

Kidole cha Mutinda kilisimama juu ya kitufe cha kufuta, ambacho maandishi yake yalikuwa yamefutika kwa kidole gumba cha mzee. Akakirudisha kidole nyuma.

“Basi seva iulize mara moja asubuhi, iweke jibu. Ukifungua, unalikuta hapo hapo.”

Akaandika mistari michache. Ukurasa ukafunguka papo hapo: oda tisa, na juu yake habari ya mvua ya Bisil. Mama Soipan akaisoma kwa sauti, polepole, vile mzee alivyokuwa akiisoma.

Kisha akafungua geti. “Ingia tukule, jirani. Na nyinyi watoto mnaojificha nyuma ya nguo zilizoanikwa, mkuje pia.”