Ziwa la Mama Ikram

Mama mwenye mtoto mchanga asikawie sokoni Nakonde, hata nyanya ziwe za bure. Mama Lucky alikawia. Malori yaliziba njia pale mpakani, naye akafika Tunduma mbio, roho mkononi, maziwa yamelowesha blauzi.

Uani kimya. Saa hizo Lucky alipaswa kuwa analia njaa, na kimya hicho ndicho kilichomtisha.

Akafunua pazia la jirani aliyemwachia mtoto. Mama Ikram ameketi mkekani, Ikram yuko ziwa la kulia, Lucky la kushoto. Vidole vya Lucky vimelishika sikio la Ikram kama mkono wa kikombe.

"Jamani, mkwe wangu!" Mama Lucky alicheka huku machozi yakimtoka, maana tangu watoto wazaliwe walikuwa wameahidiana kuwaoza.

"Mkwe nani tena? Kwetu Waislamu, walionyonya ziwa moja ni ndugu. Harusi hakuna."

"Kwa leo tu?"

"Shoga, kwani unadhani ni leo tu?"

Mama Lucky akaketi mkekani, akafungua vifungo vya blauzi iliyolowa, akanyoosha mikono.

"Basi nipe huyo Ikram. Naye aje ale kwa mama yake."