Kufuli la Jikoni

Daktari alipomaliza kusoma majibu ya vipimo, Nasoro hakuweza kumtazama mkewe, Mwanaidi. Kwa miaka minne alikuwa akifunga jiko kwa kufuli na kumwita binti yao, Tunu, mwizi wa chakula. Ulafi huo, alizoea kusema, ulitoka kwa akina Mwanaidi.

“Si tabia mbaya, na si kosa la mtu,” daktari alisema. “Katika vinasaba alivyopata kwa baba kuna kipande kimekosekana. Kwa mama alikipata, lakini kwa kila mtu cha mama huwa kimelala, hakifanyi kazi. Ndiyo maana hashibi.”

“Basi nifungue jiko?”

“Hapana. Atakula mpaka adhurike. Endeleeni kufunga.”

Jioni, baada ya chakula, Nasoro alifunga kama kawaida. Kisha akaketi sakafuni, mlangoni, kando ya Tunu.

“Baba, leo sijaiba,” mtoto alisema haraka.

“Najua, mwanangu. Hujawahi kuiba.”

Tunu akamwegemea begani, macho yake yakiwa kwenye mwanya wa chini ya mlango, ambako harufu ya maharage ya nazi ilikuwa bado inatoka.