Fundo la Bega la Kushoto

Kalunde ndiye aliyetunga shanga za mgolole ule, moja moja kwa miaka miwili, akijua kwamba siku ya sherehe ya mavuno utakaa begani pake. Lakini wazee wa kike walimchagua mdogo wake, Milembe, aongoze ngoma. Na kwa kuwa mama yao alikwisha fariki, kazi ya kumvika ikamwangukia yeye, dada mtu.

Alimvika huku moyo ukimchemka. Mgolole ulimkaa Milembe utadhani alizaliwa nao.

Katika mji ule, anayeongoza ngoma hufungwa fundo kwenye bega la kulia. La kushoto ni la mfiwa. Kalunde akalivuta vazi, akalifunga kushoto, akakaza.

Milembe akaligusa lile fundo.

"Dada, huku si kwa wenye msiba?"

"Kwani mimi sina msiba?"

Nje ngoma zilikwisha kuanza, na wanawake walikuwa wakiliita jina la Milembe kwa vigelegele. Milembe akafuta macho kwa kiganja.

"Basi nitatoka hivi hivi," alisema. "Wakiuliza, nitawaambia nimejifunga mwenyewe."

Akashika njia ya mlangoni. Kalunde akamdaka, akalifungua fundo kwa meno, maana alikuwa amelikaza mno. Mgolole ukamwangukia mikononi, mzito kwa shanga. Vigelegele vikapanda. Milembe akasimama mabega wazi, akingoja, na Kalunde bado ameukumbatia.