Gasketi ya Ngozi

Jubilate alilegeza nati ya mwisho, akaing'oa pampu ya maji ya gari la Pijo 404 lililobeba kwaya ya kanisa la Talatala miaka yote ya uhaba. Baba yake, mzee wa kanisa, alisimama pembeni na gasketi mpya, kile kipande cha kuziba maungio maji yasivuje. Siku hizi maduka ya Kyela yana spea.

Gasketi ya zamani ilikuwa ya ngozi. Jubilate aliifuta kutu kwa kidole gumba. Ukatokea msalaba mwekundu, nusu yake tu.

Aliujua. Ulichorwa kwenye ngoma ya kwaya, ile ambayo, baada ya safari ya kwaya kwenda Bujonde, baba aliwatangazia waumini kuwa imeliwa na panya.

"Baba, hao panya walikuwa na mkasi?"

Mzee aliigeuzageuza gasketi mpya.

"Kwaya ilifika Bujonde, au haikufika?"