Rekodi ya Mjomba

"Imegoma tena, fundi," alisema nesi wa wodi, akigonga kitufe cha kuhifadhi kwa hasira. "Eti rekodi inatumiwa na mtu mwingine! Nihifadhie hii ripoti ya mjomba wako, kisha umpelekee chai yake."

Fundi wa kompyuta aliweka chupa ya chai mezani, akainama. Ugonjwa huu aliujua fika: mtu anafungua rekodi ya mgonjwa, anaiacha wazi, anakwenda zake kupiga soga, na wenzake wote wanafungiwa nje. Dawa yake ni kumsaka huyo mtu na kumfokea.

"Mjomba ameamkaje?" aliuliza, huku akitafuta kompyuta iliyoing'ang'ania rekodi.

"Buheri wa afya. Si nimeandika hapo? Amelala vizuri, amemeza dawa, anaongea."

Fundi akacheka. Kwa domo, mjomba hakuwa na mpinzani.

Jina la kompyuta likajitokeza kwenye skrini. Alilisoma, akalirudia, na kicheko kikamkauka mdomoni.

Chumba cha maiti.

"Nesi," alisema polepole, "leo umefika kitandani kwake?"

 Nesi alikuwa akilitazama sinia la dawa kando ya kompyuta. Vidonge vya asubuhi vilikuwa bado kwenye vikombe vyake, hata kimoja hakijaguswa.

Skrini ikabadilika. Huko chini walikuwa wamemaliza kuandika, na rekodi sasa ilikuwa huru kuhifadhiwa.

Kidole cha nesi kilikuwa bado juu ya kitufe.