Mabehewa ya Mbele

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, nakiri. Mke wangu alishasema tukae mabehewa ya mbele, kwa kuwa treni ile hukatwa vipande viwili njiani, na cha mbele tu ndicho hufika Bremen. Mimi nikang'ang'ania nyuma, karibu na kahawa.

Tulitoka Kassel alfajiri. Treni ya kwanza ilifutwa, ya pili ikaharibika, tukapanda ya tatu. Rafiki yetu Henning alikuwa apasuliwe moyo saa sita mchana huko Bremen, na alituomba tumshike mkono kwanza.

Treni ilipokatwa tulikimbia. Nikabonyeza kitufe cha mlango wa kipande cha mbele. Taa yake ya kijani ikazimika chini ya kidole gumba changu. Kipande kile kikaondoka bila sisi. Treni nyingine ilikuwa ya saa saba.

Ilipokaribia saa sita Henning akapiga simu. "Mko wapi nyie?"

"Ndugu yangu, hawa watu wa reli hawakutangaza..."

"Walitangaza mara tatu!" mke wangu akafoka. "Ulikuwa unapiga soga!"

"Spika ilikuwa inakoroma! Henning, sikiliza, behewa letu..."

"We kichwa maji," Henning akasema. "Wananiingiza baada ya dakika mbili, nawe unanihadithia mabehewa?"