Mwanamke wa Onyesho la Mwisho

Kila alasiri mwandishi hukaa kwenye bembea ya sebuleni, akijisukuma kwa kidole gumba cha mguu, na minyororo ya shaba ikilia, maneno humjia kama usingizi. Leo hayakuja. Mwanamke wa tamthilia yake alikuwa amefika mlangoni, anaiacha nyumba, na hakuwa na la kusema.

"Wasikia?" akaita. Ndivyo alivyomwita mkewe miaka thelathini na minane, maana pale mjini Ahmedabad mume wa rika lake hamtaji mkewe kwa jina. Wanawake wa jukwaani aliwapa majina, tena mazuri. Mkewe hakumwita kwa jina hata mara moja.

"Nasikia," mkewe akajibu kutoka jikoni.

"Mwanamke anaondoka, harudi tena. Aseme nini?"

"Mtu kachoka kusema, bwana, wewe bado wamtafutia maneno?" Akacheka kidogo. "Hasemi kitu. Anazima jiko, anafunika maziwa, anavaa ndala zake."

"Hapo umenena!"

Kalamu ikakimbia. Akafumba macho na kuelea na mwisho ule mtamu, bembea ikienda na kurudi.

Kimya kikamzindua. Jiko lilikuwa limeacha kuvuma. Maziwa yalikuwa yamefunikwa kwa sahani. Mlangoni palibaki jozi moja ya ndala, za mwandishi mwenyewe.

Ngazini kulisikika nyayo zikishuka, taratibu, bila hasira.

Akaisimamisha bembea kwa mguu. "Wasikia?"

Nyayo hazikusita.

Akafungua kinywa tena, na jina likatoka kwa shida, kama kufuli lililoshika kutu.

"Jasumati!"

Nyayo zikasimama.